Mkate wa Jemu na Matobolwa

Maneno niliyoyasema kwenye sherehe ya somo wa jumuiya yetu, yaani mtakatifu msimamizi wetu, Tabora, tarehe 1 Oktoba, baada ya Misa na kabla ya chakula. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nikaondoa tu pale mtoto alipolia na mimi nikanyamaza kumpisha.

Tumsifu Yesu Kristo!

Milele, amina. Na mwangaluka wote.

Baba Paroko, masista wetu, mwenyekiti wa jumuiya, kina mama Wakatoliki wa WAWATA ambao tangu alfajiri mnapambana na moshi kule nyuma ya nyumba, baba zangu wa UWAKA, umoja wa wanaume Wakatoliki, mliobeba viti, vijana mliobeba simu, watoto wote mliokaa mbele kwa adabu ambayo najua haitafika mwisho wa hotuba hii, na majirani zetu Waislamu mliokubali mwaliko: nawasalimu kwa heshima.

Nimeagizwa niseme machache kuhusu historia ya somo wetu. Nilimuuliza aliyenituma, machache ni dakika ngapi? Akajibu, "Mpaka wali ukauke maji, Mwalimu." Kwa hiyo leo siangalii saa.

Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu kwetu Tabora ni mtu wa nyumbani. Kanisa kuu la jimbo ni lake. Alizaliwa Alençon, Ufaransa, tarehe 2 Januari 1873, baba yake fundi saa, mama yake akitengeneza lesi. Akaingia utawani, Karmeli ya Lisieux, akiwa na miaka 15, akafariki kwa kifua kikuu tarehe 30 Septemba 1897, miaka 24 tu. Mwaka 1925 akatangazwa mtakatifu. Mwaka 1927 akafanywa msimamizi wa misioni pamoja na Fransisko Ksaveri, yeye ambaye tangu mlango wa utawa ufungwe nyuma yake hakwenda popote. Hayo yapo kwenye vitabu na watoto wa Kipaimara watayasema kwa ufasaha kunizidi. Mimi nataka kusema habari ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa, na Baba Paroko akinivumilia nitaisema yote. Nataka kusema alichokuwa anakula.

Msicheke. Mwaka 1895 mkuu wa konventi alimwamuru Theresia aandike kumbukumbu za utoto wake. Mkuu huyo, Mama Agnes, alikuwa dada yake wa tumbo moja, Paulina, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Amri ya mkuu wa shirika na amri ya dada mkubwa zimekuja kwa mdomo mmoja. Mdogo utakimbilia wapi? Akachukua daftari la shule akaanza kuandika. Alikuwa na miaka 22. Ukilisoma unategemea sala na machozi, na kweli yamo. Lakini katikati yake kuna chakula, tena kimekumbukwa kwa undani wa mtu aliyelamba kijiko.

Anakumbuka Jumapili. Jumapili aliachwa alale zaidi, na Paulina alimletea chokoleti ya kunywa palepale kitandani, kisha akamvisha nguo. Anakumbuka pia kwamba Jumapili ikifika jioni moyo ulimwingia giza, kwa kuwa kesho kazi na masomo yanaanza upya. Nimefundisha darasa la tatu miaka mingi, na huyo mtoto namjua. Alikuwa anakaa dawati la pili, dirishani.

Anakumbuka mkate wa baraka. Huu si Ekaristi, msichanganye. Ufaransa ya zamani kulikuwa na desturi ya kubariki mkate wa kawaida kwenye Misa na kuugawa vipande kwa waumini. Theresia alikuwa mdogo mno kwenda Misa, kwa hiyo alibaki nyumbani akimsubiri dada yake Selina arudi na kipande. Siku moja Selina akarudi mikono mitupu. Mdogo wake akamwambia, kama huna mkate wa baraka, basi utengeneze! Selina hakubisha. Akapanda kiti, akafungua kabati, akatoa mkate, akakata kipande, akausalia Salamu Maria kwa uso wa mtu mzima kabisa, akampa. Theresia akafanya ishara ya msalaba, akala kwa ibada, na anaandika kwamba ladha ilikuwa ileile ya mkate wa baraka. Baba Paroko, naona watoto wa Utoto Mtakatifu wanatazamana. Naomba usiku wa leo mhifadhi ufunguo wa sakristia.

Halafu mkate wa jemu. Baba yao alipenda kuvua samaki, na binti akifuatana naye alikaa kwenye majani karibu na maji. Paulina alikuwa amemfungia mkate uliopakwa jemu, mzuri, rangi inang'aa. Kufika huko na kufungua, jemu yote imenywewa na mkate, imebaki rangi ya waridi iliyofifia. Theresia anasema dunia ikamwonekea ya huzuni zaidi, akaelewa kwamba furaha isiyo na wingu iko mbinguni peke yake. Mtu huyu mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwalimu wa Kanisa. Na somo lake la kwanza kuhusu mbinguni alilipata kwenye kipande cha mkate uliolowa.

Sasa mimi nilipolisoma hilo sikufikiria mbinguni, nisamehewe. Nilifikiria mfuko wa sketi yangu ya shule na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, yaliyokuwa ndani yake.

Lakini nianze na somo wangu mwenyewe, kwa sababu nina manung'uniko ya muda mrefu. Nilibatizwa Perpetua. Watakatifu Perpetua na Felista, mashahidi, tarehe 7 Machi. Wenye hesabu mmeshaelewa: karibu kila mwaka siku hiyo iko ndani ya Kwaresima. Kina Yohane wamechinjiwa kuku, kina Maria wana sikukuu za kuchagua mwaka mzima, Yosefu naye yumo Kwaresima lakini yake ni sherehe kubwa, hata ikiangukia Ijumaa sheria ya Kanisa inaruhusu nyama. Perpetua hana cheo hicho. Somo wangu, mwaka baada ya mwaka, alisherehekewa kwa maharage. Nilimuuliza bibi kwa nini hawakunitafutia jina la Desemba. Akasema, "Ulizaliwa Machi. Ungesubiri."

Nimekuja kumsoma Perpetua ukubwani na manung'uniko yakapungua. Alikuwa mama kijana wa mji wa Kartago, katika nchi inayoitwa leo Tunisia, Mwafrika mwenzetu, akauawa mwaka 203. Gerezani aliandika kumbukumbu, na umri wake, angalieni maajabu, ulikuwa kama miaka 22, umri uleule wa Theresia alipoanza daftari lake. Anasimulia maono. Alipanda ngazi ndefu ya shaba, juu akakuta bustani kubwa, na mzee mwenye mvi, mchungaji, anakamua kondoo. Mzee akamkaribisha, "Vema umekuja, mwanangu," akampa tonge la maziwa yaliyoganda. Akalipokea kwa mikono miwili, akala, waliosimama pande zote wakasema amina. Sauti ile ikamwamsha, na alipoamka bado alikuwa anatafuna kitu kitamu asichokijua jina. Yeye hakukijua. Mnyamwezi anakijua. Wafugaji mliopo hapa naona mnatabasamu: mbinguni kuna maziwa mgando.

Basi sisi watoto wa miaka ya sabini kalenda ya Kanisa tuliisoma kwa tumbo. Padre alikuwa na ya kwake ya maandishi, ukutani sakristia, yenye rangi za kijani na zambarau. Ya kwetu ilikuwa na harufu. Krismasi ilinukia wali. Wali haukuwa chakula, wali ulikuwa tukio, na chapati zilihesabiwa kabla ya Misa ya usiku na kuhesabiwa tena baada yake, na tofauti ya hesabu ilitafutiwa mwenyewe. Maembe yalikuwa yameanza kuiva tangu Novemba, kwa hiyo mtoto wa Tabora hakuwahi kumwona Mtoto Yesu pangoni bila nyuzi za embe kati ya meno. Pasaka ilikuwa na mayai, lakini si ya kupaka rangi, ya kula. Tarehe 15 Agosti, Bikira Maria kupalizwa mbinguni, mavuno yako ndani, karanga mpya zimekauka, asali mpya imeshuka kutoka porini.

Na hii ya leo tuliila mara mbili. Kabla ya mabadiliko ya kalenda ya mwaka 1969, sikukuu ya Theresia ilikuwa tarehe 3 Oktoba. Bibi yangu alisikia tangazo, akasema amelisikia, na akaendelea na tarehe 3. Babu, aliyekuwa mtu wa utii, akahamia tarehe 1. Nyumba moja, watakatifu wawili wenye jina moja, na sisi wajukuu tulikuwa waaminifu kwa wote wawili. Sijawahi kuona mageuzi ya Kanisa yaliyopokelewa na watoto kwa moyo mweupe kiasi kile.

Njiani kwenda Misa kulikuwa na msitu, na msitu ulikuwa na furu. Mnalijua furu: dogo, jeusi, tamu, na likipita mdomoni linaacha ushahidi. Kanisa lilitaka tusile chochote saa moja kabla ya Komunyo. Sista alisimama mlangoni akisema, "Toa ulimi." Ulimi mweusi ulirudi benchi la nyuma. Wajanja walijifunza kula mbula badala yake, maana mbula haipaki rangi, na matonga yalikuwa ya kurudia, kwa kuwa kulipasua tonga kwenye jiwe kunataka muda na mtu anayekwenda Misani hana muda.

Sasa niseme kuhusu matobolwa, na hapa jiko linisubiri.

Kuna vijana hapa waliozaliwa mjini wasiojua tofauti ya michembe na matobolwa, na wengine wanadhani ni majina ya vikundi vya ngoma. Michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa vikiwa vibichi, vikakatwa vipande na kuanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza. Bibi alichimba viazi baada ya mvua kwisha, akajaza chungu kikubwa, akafunika kwa majani ya viazi vyenyewe, akachochea moto wa polepole. Vikiiva vinamenywa vya moto, na hapo ndipo watoto walipoitwa, maana vidole vya watoto havina haki. Vinakatwa vipande virefu, vinatandazwa juu ya mwamba au kwenye uchanja, jua la Juni na Julai linafanya kazi yake. Adui walikuwa watatu: mbuzi, umande na sisi. Mbuzi alifukuzwa kwa fimbo, umande kwa kuanua jioni, sisi hatukuwa na dawa. Kipande cha matobolwa cha siku ya tatu, nje kimeshika ngozi na ndani bado laini, asali yake imejikusanya pembeni na kuwa nyeusi kidogo, ukikitafuna kinavuta kama mpira wa baiskeli na utamu hautoki wote mara moja, unatoka kwa awamu. Yakikauka kabisa yaliingia kwenye kihenge, na huko yalikaa mpaka mvua, mpaka Januari, mpaka Februari, wakati ghala la mahindi linaonyesha sakafu. Hapo yanatolewa, yanachemshwa tena, yanaungwa kwa karanga zilizotwangwa. Au yanatiwa mfukoni makavu na mtoto anakwenda nayo shule, kilomita zile, na hesabu za asubuhi zinafanywa shavu moja limevimba.

Nyanya zetu hawakuanika viazi ili sisi wenye mvi tuje tuzungumze kwa hisia chini ya turubai. Walikuwa wanapiga hesabu. Kuna miezi shamba lina majani tu na mtoto hali majani, kwa hiyo kiazi cha Juni lazima kifike Februari, na njia ya kukifikisha ni jua. Nsansa ni hesabu hiyohiyo: majani ya kunde yaliyokaushwa ili mboga isikatike wakati wa kiangazi. Hata uyoga wa masika ulianikwa. Kila nikisikia hoteli kubwa za Dar es Salaam zinauza "vyakula vya asili" kwa bei ya kununulia mbuzi, nafurahi na nacheka, kwa sababu namwona bibi anaiangalia ile bili.

Na ndiyo maana wakati fulani tuliviacha kwa makusudi. Kuna watu hapa waliokua na unga wa msaada, ule wa njano tuliouita unga wa Yanga. Wapenzi wa Simba waliula hivyohivyo, njaa haina timu. Mtu aliyepita hapo, akapata mshahara, akajenga, akamwalika paroko nyumbani, hataki kumwekea michembe mezani. Anataka wali. Anataka nyama na soda, chupa ipinde mgongo kwa baridi. Namwelewa kabisa. Nilifanya vivyo hivyo kwenye harusi ya mwanangu.

Lakini imefika mahali sikukuu zote zinafanana. Mwaka mzima natembelea jumuiya za parokia hii kwa masomo wao. Mtakatifu Yosefu mfanyakazi, pilau. Mashahidi wa Uganda, pilau. Mtakatifu Monika, aliyemlilia mwanawe miaka yote ile, pilau na kachumbari. Ukifumbwa macho ukapelekwa mezani huwezi kujua umekuja kwa mtakatifu gani.

Majirani zangu, msinielewe vibaya, mimi na pilau tuna historia nzuri. Mji huu ulikuwa njia panda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na pilau ilikuja na watu wa pwani na Waarabu waliokaa hapa Unyanyembe, jina la zamani la eneo hili letu. Nilipokuwa mtoto pilau ilikuwa ya Idi na Maulidi. Ililetwa mlangoni kwetu kwenye sahani iliyofunikwa kawa, na mtoto aliyeileta alisimama akisubiri, kwa sababu sahani haikurudi tupu. Bibi aliirudisha na asali, au karanga, au matobolwa hayohayo. Utamu wa pilau ile ulikuwa nusu bizari na nusu kusubiri. Leo tumeipika wenyewe kila Jumapili ya pili na majirani hawana tena cha kutuletea ambacho hatuna. Wala sisi hatuna cha kuwarudishia.

Mtu ataniuliza: Mwalimu, chakula cha njaa kinawekwaje kwenye meza ya sikukuu? Nimjibu kwa Mtakatifu Lusia. Sikukuu yake ni tarehe 13 Desemba. Kisiwani Sicilia, Italia, alikotoka, watu siku hiyo wanakula cuccìa, yaani ngano nzima iliyochemshwa tu, bila kusagwa. Mapokeo ya Palermo yanasimulia kwamba mwaka 1646 kulikuwa na njaa kali, watu wakamwomba Lusia, na siku ya sikukuu yake meli ya nafaka ikatia nanga. Njaa ilikuwa imewafikisha mahali hawakuweza kungoja kinu. Wakachemsha punje kama zilivyo, wakala. Tangu wakati huo, siku ya Lusia wenye desturi hiyo hawagusi mkate wala tambi, wao Wataliano! Wanakula punje. Siku hizi wanatia jibini laini na sukari, lakini chini yake ni punje zilezile za mwaka wa njaa.

Punje za kuchemsha. Wapishi wa makande, mmesikia? Wenzetu walichukua chakula cha mwaka mbaya kuliko yote wakakipandisha altareni, karibu. Sisi cha kwetu tunakificha uani kisionekane na wageni, halafu tunalalamika kwamba watoto wetu wanajua chipsi peke yake.

Kwa hiyo ninachopendekeza si kikubwa. Kila jumuiya impikie somo wake chakula kinachomhusu, na nyongeza nyingine yoyote iwe ya hiari. Nimeshawatafutia baadhi, maana mstaafu ana muda.

Jumuiya ya Yohane Mbatizaji, tarehe 24 Juni, kazi yenu ni nyepesi kuliko wote. Injili ya Marko imewaandikia: nzige na asali ya mwitu. Mtu anayevaa singa za ngamia na mshipi wa ngozi, anaishi porini na kula asali ya mwitu, mimi nashangaa kwa nini watafiti hawajamtafutia ukoo Sikonge. Nzige wakikosekana, kumbikumbi wanakubalika, ila hao hutoka na mvua za kwanza, kwa hiyo mtawahifadhi makavu tangu mwaka uliotangulia. Asali mwezi wa Juni haina udhuru.

Na kwa habari ya asali, inaniuma kwamba mkoa huu wenye mizinga ya magome kila mti, wenye chuo cha ufugaji nyuki mjini kabisa, haumfanyii Mtakatifu Ambrosi chochote. Ambrosi, Askofu wa Milano, aliyembatiza Augustino, sikukuu tarehe 7 Desemba, ndiye msimamizi wa wafuga nyuki. Masimulizi ya kale yanasema alipokuwa mchanga kitandani kundi la nyuki lilimtua usoni, likaingia na kutoka mdomoni bila kumdhuru, baba yake akasema mtoto huyu atakuwa mtu mkubwa. Baba wa Kinyamwezi angesema jambo hilohilo kisha angemwuliza nyuki wameelekea mti gani. Jumuiya itakayoundwa safari ijayo naomba ipewe Ambrosi. Wanzuki, ile pombe ya asali, siuzungumzii hapa, masista wapo. Wazee mmenisikia.

Kina Laurenti, tarehe 10 Agosti, mna mtihani. Shemasi Laurenti wa Roma aliuawa mwaka 258, na mapokeo yanasema aliokwa juu ya chanja cha chuma na akawaambia watesi wake wamgeuze, upande huu umeshaiva. Kanisa, badala ya kuona aibu, likamfanya msimamizi wa wapishi. Mkichoma nyama hatutauliza maswali, ila mwenye zamu ya jiko akae kwa unyenyekevu.

Halafu yupo Blasi, tarehe 3 Februari, askofu na shahidi, anayesimuliwa kwamba alimwokoa mtoto aliyekwamwa na mwiba wa samaki kooni. Ndiyo maana siku hiyo padre anatubariki koo kwa mishumaa miwili. Hapa nawaachia ndugu zetu waliotoka Kigoma, tunao wengi tangu reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na kumalizikia kwao ziwani mwaka 1914. Ninyi ndio mliotuletea dagaa na migebuka kwa garimoshi, kwenye vikapu, na mawese ya kukaangia, na harufu iliyotangulia behewa kituoni. Utoto wangu una mgebuka mkavu uliolowekwa usiku kucha na ugali wa muhogo ambao kwetu tuliuona wa ajabu mpaka siku tulipouzoea na kuanza kuudai. Siku ya Blasi pikeni ninyi. Baraka ya koo itangulie, mgebuka ufuate, msigeuze utaratibu.

Na Perpetua? Kwaresima haikatazi maziwa. Machi ijayo naleta mtindi kwenye kibuyu, na atakayetaka atapokea kwa mikono miwili kama ilivyoandikwa.

Imebaki ya leo, somo wetu Theresia. Mwakani tarehe 1 Oktoba (na tarehe 3 kwa wajukuu wa bibi yangu) nataka meza ya watoto iwe na vitu viwili. Mkate uliopakwa jemu, upakwe asubuhi na ufungwe mpaka mchana ili uwe umelowa vizuri, kwa heshima ya mwenye siku. Na matobolwa. Hayo hayanunuliwi dukani, kwa hiyo lazima tuanze Juni, na lazima kina mama wachache wenye uchanja wakubali watoto wa mjini waje wamenye viazi vya moto kwa vidole vyao wenyewe. Watalia kidogo. Siku ya tatu wataanza kuiba, na hapo tutajua wameiva.

Nasikia sufuria zinaburutwa, nimalizie. Karatasi inapita sasa, inaanzia kwa kina baba, kwa kuwa kina mama leo wamechoka. Ina safu ya matobolwa, safu ya karanga za kutwanga, ya nsansa, ya mlenda, ya asali. Pilau nimeiachia mstari mmoja tu chini kabisa, na mstari huo tayari una mwenyewe: mzee wetu jirani wa upande wa msikiti ameniambia mwaka ujao ataileta yeye, kwa kawa, kama zamani, na anataka sahani yake irudi na kitu. Andikeni majina kwa herufi kubwa. Kalamu ni yangu, naomba irudi.